Mashtaka ya Mama Shikanga

Viti vya kanisa vilipoanza kufika uani, vimebebwa vichwani na wasichana wa jirani, Awinja alijua kwamba kikao hakiahirishwi tena. Mara ya kwanza kilisogezwa mbele kwa sababu ya msiba, mara ya pili kwa sababu mumewe, Wanzala, aliitwa kazini kuvuta miwa siku ya mapumziko. Leo hapakuwa na msiba, trekta ya tajiri wake ilikuwa imeegeshwa kando ya barabara, na wazee wa ukoo walikuwa njiani.

Awinja alikuwa jikoni, amekaa karibu na moto kiasi kwamba mtu mwingine angeungua magoti. Alivaa sweta mbili, na juu yake amejitanda leso. Nje jua la Februari lilikuwa likiikausha Lurambi yote. Majani ya miwa yalilia yakipigana na upepo, na kuku walikuwa wamejibanza chini ya ghala wakihema. Yeye alitetemeka. Tangu jana mwili ulimuuma hadi kwenye meno, na asubuhi alikuwa ametapika nyuma ya choo, akafukia kwa mguu ili asionekane. Mtu anayeitwa mvivu akiugua siku ya kikao, nani atamwamini?

"Mama Lynette!" aliita mama mkwe wake kutoka nje. "Chai ya wazee iko wapi?"

"Inachemka, mama."

"Inachemka tangu asubuhi? Au unaiombea?"

Awinja alichochea kuni. Aliogopa kuisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa imekuwa nzito na ya kukwaruza, kama ya mwanamume aliyeamka na mafua, wakati yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani na watu barabarani wakasimama kusikiliza. Kwaya ilikuwa imempata mwingine wa kuanzisha. Yeye siku hizi alikaa benchi la nyuma, akasinzia mahubiri yakiendelea.

Hakuolewa akiwa hivyo. Alitoka Kabras, nyumba ya watu wanaolima wakicheka, na mwaka wake wa kwanza kwa kina Wanzala alipalilia miwa mbele ya wake wote wa boma. Mama mkwe wake, ambaye watu walimwita Mama Shikanga kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa akimsifia sokoni hadi wenzake wakachoka. Kisha ukaja uzazi wa Lynette, katika mvua kubwa za mwaka wa tisini na tatu.

Mtoto alitoka salama. Damu ndiyo iliyokataa kusimama. Godoro lililowa, wakaweka matambara, yakalowa, na mkunga akaanza kuomba kwa sauti huku mikono yake ikifanya kazi. Awinja alikumbuka mlango ukivunjwa ili utumike kumbeba. Alikumbuka baridi ya mvua usoni, na sauti ya mtawa kule hospitali ya misheni Mukumu ikimwambia asilale. Aliongezwa damu, akapona, watu wakamshukuru Mungu. Lakini maziwa hayakuja. Matiti yalilala kifuani kama ya msichana asiyezaa. Mama Shikanga alimpikia uji wa wimbi, akamchinjia kuku, ingokho moja baada ya nyingine, akamlazimisha anywe mchuzi hadi akatapika. Hata tone halikutoka. Lynette alilelewa na ng'ombe wa jirani.

Baada ya hapo mambo yalikuja polepole sana, kiasi kwamba hata yeye mwenyewe hakuyaona yakija. Hedhi haikurudi. Mwanzoni alifurahia kimya kimya, akidhani mwili unajipumzisha. Halafu baridi, baridi ya mchana kweupe. Halafu usingizi. Jembe likawa zito kama limefungwa jiwe. Ngozi ya uso ikapauka, ikawa laini, yenye mikunjo midogo kwenye pembe za macho. Nywele za kwapa zikatoka bila kunyolewa na hazikuota tena. Usiku alipoguswa na mumewe alijisikia kama anaguswa mtu mwingine mbali huko, akageukia ukuta. Hakuwa amemchukia Wanzala. Ni kwamba kile kitu cha kumgeukia kilikuwa kimezimika, na hakujua amwambie vipi, kwa lugha gani.

Zahanati ilimpa vidonge vya damu, wakati mwingine vya malaria, akawa afadhali kidogo kisha akarudi palepale. Miaka ile mtu akikonda na kunyamaza, jirani walikuwa na jina moja tu la ugonjwa, na hawakulitamka. Walisema "ule." Awinja alikwenda mjini akapimwa, akaambiwa hana. Aliporudi na habari hiyo, Mama Shikanga alimtazama tu, akasema, "Basi kama si ule, ni nini?"

Na hilo ndilo swali walilokuja kuuliza leo.

Wazee waliketi. Aliyeongoza alikuwa Osundwa, baba mdogo wa Wanzala, mtu mrefu anayeongea taratibu kana kwamba kila neno analitoa mfukoni. Awinja aliwekewa mkeka kando, akaketi miguu imekunjwa, Lynette, aliyekaribia miaka minne, akamjia na kulala mapajani. Wanzala alikaa mbali, upande wa wanaume, akichokonoa mafuta ya trekta kwenye kucha zake.

"Tumeitwa na mama mwenye boma," Osundwa alisema. "Aseme."

Mama Shikanga alisimama. Hakuwa mwanamke wa kuzungukazunguka.

"Mimi sina chuki," alianza. "Lakini nyumba ya mwanangu imelala. Huyu mtu analalanga mchana. Jua likiwa hapa, yeye anaota moto. Ukimtuma maji, akifika mtoni anakaa. Ukimsemesha leo, anakujibu kesho. Mtoto ni huyu mmoja, na huyo mmoja tumemlea sisi na maziwa ya watu. Mwanangu amekuwa kama mjane na mke wake yuko. Kama ana ugonjwa, auseme. Kama amechoka na sisi, aseme. Wazee, mimi nataka kujua mwanangu atazaa na nani."

Mtu mmoja alikohoa. Osundwa alimgeukia Wanzala. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Una la kuongeza?"

Awinja alimtazama mumewe. Aliomba moyoni aseme neno moja tu, lolote, hata la hasira. Wanzala aliinamisha kichwa zaidi.

"Sina."

"Basi mama Lynette," Osundwa alisema, "simama utujibu."

Alimwinua mtoto mapajani, akamlaza kwenye mkeka. Maneno alikuwa nayo. Alikuwa ameyapanga siku nyingi: kwamba hajui, kwamba naye anamtafuta yule Awinja wa zamani na hamwoni, kwamba si uvivu. Alisimama. Uani kukawa na weupe, kama mtu ametandaza shuka mbele ya macho yake. Aliona midomo ya Osundwa ikienda bila sauti. Akashika hewa, na hewa haikumshika.

"Anajifanya!" alisikia mtu akisema.

Halafu ardhi ikampiga shavuni.

Kilichofuata alikijua kwa kusikia, maana macho yalikataa kufunguka. Mwili ulikuwa umekwenda zake, lakini masikio yalibaki. Alisikia Lynette akilia. Alisikia Wanzala akiita jina lake, si Mama Lynette bali Awinja, Awinja, kama alivyokuwa akimwita wakichumbiana. Alinyanyuliwa, akasikia trekta ikinguruma, na mifupa ikamtikisika hadi kwenye lami. Pale palikuwa na pikapu ya Maina, mfanyabiashara wa viazi, naye Maina hakuuliza swali, alisikika tu akitupa magunia chini.

"Twende hospitali ya mjini," Mama Shikanga alisema.

"Mukumu," alisema Wanzala. "Walimwokoa siku ile, wanamjua."

"Ni mbali!"

"Mama, nimesema Mukumu!"

Hakuwahi kumpandishia mamake sauti. Gari likashika njia ya Mukumu. Mkono wa Wanzala ulikuwa chini ya shingo ya Awinja, na kila gari liliporuka shimo aliusikia ukikaza. Alitaka kumwambia yu hai. Ulimi ulikuwa kipande cha mti kinywani.

Harufu ya dawa. Kitanda cha chuma. Mikono mingi. Sauti ya nesi wa kiume waliyemwita Titus ilisema joto liko juu sana na presha inashuka, haishikiki. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, ya haraka na tulivu. Huyo alikuwa Daktari Jepkorir.

"Mama, wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mama wa bwana yake."

"Ameugua tangu lini?"

"Huyu?" Mama Shikanga alikuwa amechoka, ameogopa, na hofu yake ilitoka ikiwa hasira kama kawaida yake. "Huyu haugui, daktari. Huyu tulikuwa tunamuulizanga juzi na jana ana nini, hasemi. Leo tumemwita mbele ya wazee ajibu, ndiyo ameanguka."

"Ajibu nini?"

"Uvivu wake."

Awinja alihisi mkono wake ukiinuliwa ili kipimajoto kirudishwe kwapani. Mkono ulibaki hewani. Haukushushwa.

"Ananyoa hapa?" daktari aliuliza.

"Anyoe! Huyo na wembe wapi na wapi?"

"Mama, hebu rudia hayo ya uvivu."

"Si nimesema..."

"Yaseme yote. Usiache hata moja."

Kisha Mama Shikanga akaanza, na Awinja, amelala pale kama gogo, akasikia mashtaka yake yakisomwa upya: kulala mchana, moto wa saa sita, sweta juu ya sweta, kujibu polepole, sauti iliyoharibika, jembe lililomshinda, mgongo anaompa mumewe. Alitamani afe kabla hawajafika mwisho. Mwanamke mgeni aliyeshika mkono wake alikuwa akiambiwa aibu zake zote, na kila moja ilipotajwa aliitikia, "Eeh. Halafu?" Sauti yake ilikuwa inazidi kwenda kasi.

"Alinyonyesha?"

"Hata tone."

"Wakati wa kuzaa, damu ilimtoka nyingi?"

"Daktari, wewe hukuona." Sauti ya Mama Shikanga ilishuka. "Mimi ndiye nilifua zile shuka. Maji ya mto yaligeuka rangi. Tulisema amekwenda."

"Na tangu hapo amepata hedhi?"

Swali hilo lilining'inia. Si la mama kujibu mbele ya mwanawe, wala la mwana kujibu mbele ya mamake. Awinja alisikia viatu vya Wanzala vikisugua sakafu.

"Hapana," Wanzala alisema. "Hata mara moja. Tangu Lynette."

"Titus!" Daktari aliushusha ule mkono. "Hidrokotisoni kwenye mshipa, sasa. Dripu ya chumvi, na glukosi. Pima sukari yake."

"Kwinini iko tayari, daktari."

"Ataipata. Ana malaria, ndiyo. Lakini malaria peke yake haimwangushi hivi. Bila hiyo sindano kwinini itamkuta ameshaondoka. Kimbia!"

Awinja alihisi sindano, halafu ubaridi ukipanda mkononi. Hapo masikio nayo yakafunga.

Alipofungua macho, dirishani palikuwa na mwanga wa mchana mwingine. Kitu cha kwanza alichokiona ni Mama Shikanga, ameketi kwenye benchi, kitambaa kichwani kimekwenda upande, anamkodolea macho kana kwamba akipepesa atamponyoka.

"Una njaa?" aliuliza.

Awinja alijisikiliza. Ilikuwa ajabu, lakini ni kweli. "Ndiyo, mama."

Mama Shikanga alitoka mbio bila kusema alikokwenda. Aliporudi na uji, aliumimina kwa pupa hadi ukamwagika kwenye shuka, akajikemea mwenyewe.

Daktari Jepkorir aliwakusanya wote watatu siku Awinja alipoweza kuketi. Alikuwa kijana kuliko sauti yake. Alivuta kiti, akamuuliza Wanzala anafanya kazi gani, naye Wanzala akasema anavuta miwa.

"Basi unajua mnyapara ni nani. Kwenye kichwa, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya maharagwe. Hiyo ndiyo mnyapara. Ndiyo inatuma homoni za kuamrisha tezi nyingine: ya shingoni itoe joto na nguvu, zilizo juu ya figo zitoe homoni ya kuhimili ugonjwa, ovari zilete hedhi, maziwa yaje kifuani. Mama akiwa na mimba, tezi hii hunenepa, inataka damu nyingi. Huyu alipomwaga damu siku ile, tezi ikakosa damu, ikafa. Wakataji wote wapo shambani, mapanga wanayo, lakini hakuna wa kuwaambia wakate."

Wanzala alikuwa akisikiliza kinywa wazi. "Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii. Nimepeleka damu yake Nairobi ipimwe, lakini sihitaji kungoja majibu ndipo nimtibu."

"Na hakuna mtu alijua," Mama Shikanga alisema, nusu akiuliza.

"Dalili mlizijua, mama. Umenitajia zote wewe mwenyewe. Mlizipa tu jina lingine."

Mama Shikanga aliweka sawa kitambaa chake kichwani. Alitazama dirishani muda mrefu, na Awinja aliona taya lake likicheza kama mtu anayetafuna kitu kigumu.

Daktari akaeleza dawa. Kidonge cha kwanza, cha kushika kazi ya zile tezi za juu ya figo, ndicho cha uhai, cha kila siku hadi mwisho wa maisha, na akipata homa akiongeze maradufu. Akitapika hata hicho, asingoje, aje hospitali kuchomwa sindano. Cha tezi ya shingo kingefuata baadaye, wala kisitangulie, kwa sababu kingeuamsha mwili ukimbie kabla haujaweza kusimama. Na cha tatu cha kurudisha hedhi na kulinda mifupa.

"Na mtoto?" Wanzala aliuliza. Aliuliza akitazama mikono yake.

Daktari hakumficha. "Vidonge hivi haviamshi kizazi. Kuna sindano zinazojaribu, ziko mbali na si za watu wengi. Nisingewapa tumaini nisilokuwa nalo."

Wanzala alitikisa kichwa, akatoka nje. Awinja alimwona kwa dirisha, amesimama na mgongo wake mpana kwenye jua, hafanyi chochote.

Nyumbani mwili ulirudi jinsi ulivyokuwa umekwenda, polepole. Miguu ilipata joto kwanza. Kisha akaanza kuamka kabla ya jogoo wa Mama Shikanga. Siku moja akipalilia alishtuka kuhisi maji yakimtiririka mgongoni, akadhani amelowa, kumbe ni jasho. Alikuwa amesahau jasho lilivyo.

Mama Shikanga hakuomba msamaha. Si katika watu wa namna hiyo. Alichofanya ni kuhamishia ukali wake kwenye vidonge. "Umekunywa?" aliuliza asubuhi, mbele ya mgeni yeyote. "Nionyeshe ulimi!" Na Awinja, mama wa mtoto wa kwenda shule, akatoa ulimi.

Lakini majirani nao walikuwa na macho. Mtu anayekunywa dawa kila siku, tena dawa za Mukumu, ana nini kama si ule? Wanawake walinyamaza alipofika kisimani. Mmoja aliondoa mtungi wake usigusane na wa Awinja. Jambo hilo lilimchoma, na ndani yake lilikuja wazo baya, tamu: mbona sasa ana nguvu? Mbona asijaribu kuishi bila hivyo vidonge? Alianza kuvificha chini ya ulimi, akavitema nyuma ya ghala. Siku chache tu, na asubuhi moja alipoinama kuwasha moto uani, pakaja ule weupe, ile shuka. Alishika ukuta. Alijikokota hadi ndani, akatafuta kile kidonge, akameza viwili bila maji, kisha akakaa sakafuni akingoja kujua kama atakufa. Hakumwambia mtu. Wala hakurudia.

Osundwa alikuja tena baada ya mavuno, safari hii bila viti. Aliongea na Wanzala kando ya trekta, na maneno yakamfikia Awinja kwa upepo: mke mwingine, jina la baba yako, binti mzuri wa watu. Jioni, wakila obusuma, ugali wa mahindi, Awinja aliamua kulisema yeye.

"Kama unataka kuoa, oa. Sitapiga kelele. Lakini mimi siondoki hapa, na hakuna kikao kingine nitakachoitwa nijibu mambo ya mwili wangu."

Wanzala alimega tonge, akalirudisha sahanini.

"Siku ile waliponiuliza kama nina la kuongeza," alisema, "nilikuwa nalo. Nilitaka kusema kwamba unaumwa, nilijua unaumwa. Niliona aibu kusema mbele ya wazee nilivyojua."

Hakuoa mwaka huo, wala uliofuata. Kama alitamani, Awinja hakumuuliza, na zipo siku alipomwona akiwatazama watoto wa nduguye kwa jicho lililomfanya aondoke mahali pale.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka wa tisini na tisa, na haukumkuta kwa Wanzala. Alikuwa amekwenda Kabras kumzika shangazi yake. Homa ilimshika usiku wa matanga, na kulipokucha akaongeza dawa kama alivyofundishwa. Akaitapika. Akangoja tumbo litulie, akameza tena. Akatapika tena. Ibada ilikuwa imeanza, uwanja umejaa watu, mchungaji amesimama kando ya jeneza. Awinja alihisi vidole vikipoteza joto.

Alimwinamia kaka yake mkubwa, Andati, aliyekuwa mbele pamoja na wazee. "Nahitaji gari sasa."

"Tumzike kwanza," Andati alinong'ona bila kugeuka. "Utapelekwa jioni. Jikaze, watu wanatutazama."

Zamani angerudi kukaa. Alitazama jeneza, akatazama gari lililomleta mchungaji, limeegeshwa langoni. Weupe ulikuwa umeanza pembeni mwa macho. Akasimama, akasema kwa sauti iliyomfanya mchungaji akate sala katikati:

"Nisameheni, watu wa nyumbani. Nina ugonjwa wa homoni. Si ule mnaofikiria, na hata kama ungekuwa ule, ningesema hivihivi. Dawa yangu nimeitapika. Nikingoja mzike, mtazika wawili. Naomba mtu aniendeshe."

Hakuna aliyesogea. Mwanamke mmoja alishika mdomo. Andati alikuwa ameinuka, uso umejaa hasira na fedheha, akamshika mkono kumketisha, na hapo ndipo alipousikia ule mkono. Ulikuwa baridi kama wa aliyelala ndani ya jeneza. Hasira ilimtoka usoni.

"Ufunguo!" alipiga kelele. "Mchungaji, ufunguo wa gari!"

Alimbeba yeye mwenyewe. Njiani Awinja hakufumba macho, alikataa. Alitaja dawa yake, jina lake na kipimo chake, tena na tena, ili Andati ayashike kama mdomo wake ungefunga. Walipofika hospitali, alikuwa bado anaongea. Alimweleza nesi mwenyewe, maneno machache, na alipoona sindano ikivutwa ndipo alipoachia kichwa kikaegemea bega la kaka yake.

Mama Shikanga alifika kesho yake kutoka Lurambi, vumbi hadi magotini, amebeba uji kwenye chupa ya chai. Aliwakuta Andati na madaktari kando ya kitanda. Aliwasukuma.

"Amekunywa?" aliuliza, hakumsalimia mtu. "Nani hapa amehakikisha amekunywa?"